Sahani ya Udongo Iliyokohoa

Juzi mjukuu wangu alinirekodi nikiimba kwenye simu yake, na papo hapo nikakumbuka harufu ya udongo mbichi wa Shangazi Nyota.

Shangazi alifinyanga vyungu, akasuka mikeka, na hakuna mashine iliyofika mjini kwetu Baraka ambayo hakuisogelea kuuliza inafanyaje kazi. Bwana wake alipoleta gramafoni, yeye alipapasa mistari myembamba ya santuri kwa kidole, akacheka.

"Hii hata mi nitaifanya!"

Akafinyanga sahani ya udongo, akaitoboa katikati, akawa anaizungusha huku akiichora kwa mwiba. "We mutoto, imba! Sauti iingie ndani!" Niliimba kwa nguvu zote, mdomo karibu na mwiba, mpaka moshi wa jikoni ukanikohoza.

Sahani ilipokauka na kuchomwa, mchana mmoja tuliipandisha kwenye gramafoni.

"Utavunja sindano, na iko ya mwisho!" bwana wake alilalamika. Shangazi alizungusha mpini kama hakusikia. Sindano ikagusa udongo: krrr, kho, krrr, kho.

"Ni mimi!" nilipiga kelele nikirukaruka. "Ni mi nakohoa!"

Shangazi alininyanyua juu, tukacheza uani kama watu wa harusi. Sindano ilivunjika, hakuna aliyejali isipokuwa bwana wake. Leo najua ule ulikuwa mkwaruzo tu.

Mjukuu alinisikilizisha wimbo wangu, safi kabisa. Nikakunja uso.

"Koko, haiko muzuri?" aliuliza; Koko ndivyo wajukuu wanavyoniita.

"Anza tena," nilimwambia. "Nilisahau kukohoa."