Fundi Mathias na Pedeli ya Yared

Wako mafundi ambao wakiletewa pedeli iliyogoma kutoka, kitu cha kwanza wanachotafuta ni nyundo. Mathias wa Kimamba yeye alitafuta kigoda. Anakaa, anaitazama baiskeli kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha anauliza: ilianza lini, ilianguka wapi, nani aliishika kabla yangu. Wenye haraka walikuwa wakichoka naye. Lakini wengi wao walikuwa wakirudi.

Babu yake aliletwa Kimamba na mkonge. Baba yake alikuwa kwenye genge la reli, watu wa kukaza bolti za mataruma kutwa nzima juani. Mathias mwenyewe aliishia darasa la nne, akashika spana, akaenda nayo Mikumi, akaenda nayo Kidodi kwa wakata miwa, na mwisho akarudi kwao akasimamisha kibanda cha bati kando ya barabara. Mwaka huu anafika sabini kasoro miwili. Nguvu za mikono zimepungua, naye hazililii sana, maana anasema vyuma vingi alivyovivunja alivivunja wakati ule alipokuwa na nguvu.

Habari ya pedeli aliijua kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida. Ya kushoto nyuzi zake, ile mikato ya kukazia, zimechongwa kinyume, ukiifungua kwa mazoea unaikaza. Ili asichanganyikiwe alijiwekea kanuni moja: simamisha spana ielekee juu, halafu ivute kwenda nyuma ya baiskeli. Kulia nyuma, kushoto nyuma. Kanuni hiyo ilimlisha miaka arobaini.

Jumamosi moja asubuhi akaja Yared. Yared anashona viatu pale karibu na stesheni, miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni, na anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, pedeli ziko mbele ya kifua. Alikuwa amefunga kitambaa kiganja cha kushoto.

"Shikamoo, mzee Mathias."

"Marahaba, mwanangu. Mkono umefanyaje?"

Akafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imetoka. Gololi za pedeli ya kushoto zilikuwa zimekwisha, pedeli haizunguki tena yenyewe mkononi, basi kila mzunguko inamsaga kiganja. Pedeli nyingine, nzima kabisa, alikuwa nayo mapajani.

"Kesho binti yangu Happiness anapata kipaimara Kilosa," akasema. "Nataka nifike leo kwa dada yangu, nilale, asubuhi niwe kanisani. Nikiondoka saa sita nitafika kabla ya giza."

"Si upande gari?"

"Kupanda gari ni kubebwa, mzee. Kubebwa kupanda, kubebwa kushuka, na mlangoni mwa kanisa watu wawili wamenishika makwapa. Ubatizo wake nilibebwa. Siku aliyoanza shule nilibebwa. Kesho nataka aniangalie nikiingia mwenyewe."

Mathias akavuta kigoda.

Spana zake za kuchagua zilikuwa tatu. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana, aliiacha kwenye sanduku, kwa sababu ikiteleza mara mbili inakula kingo za chuma na baada ya hapo hakuna spana itakayoshika. Spana nene ya namba kumi na tano haikuingia kati ya pedeli na krenki, yaani ule mkono wa chuma unaoshika pedeli. Akachukua ya tatu, nyingine ya kumi na tano aliyoipunguza unene mwenyewe kwa tupa, siku mbili nzima, zamani akiwa Kidodi. Ikakaa vizuri. Akaisimamisha juu, akaivuta nyuma.

Kimya. Kama anavuta ukuta.

Akadondoshea mafuta ya taa kwenye nyuzi, akasubiri. Akavuta. Kimya. Akaomba maji ya moto kwa Aneth, anayeuza chai jirani, akaimwagia krenki taratibu ili chuma kitanuke. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kimya.

Lusekelo, dereva wa bodaboda anayeegesha hapo, alikuwa ameshakaa juu ya tangi la pikipiki yake kutazama.

"Mzee, hiyo pedeli au jino la mamba?"

"Jino la mkweo."

"Basi mwachie. Mama mkwe wangu hang'oki!" Lusekelo akacheka mwenyewe. "Chukua bomba la maji, chomeka kwenye spana, mimi naning'inia. Dakika moja tu. Au twende kwa wachomeleaji waipige moto."

"Moto utalegeza hapa walipounga. Na wewe ukining'inia krenki ikikatika, nani atampa nyingine? Hizi hazipo Kimamba. Hazipo hata Kilosa."

"Sasa utaibembeleza mpaka lini? Saa nne hii."

Yared alikuwa anatazama jua. Mathias aliliona lile jicho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasikia haraka kifuani. Akanyoosha mkono, akalichukua bomba lililoegemea kibanda. Akalichomeka kwenye spana. Lusekelo akaruka chini kwa furaha, wakavuta pamoja, kwenda nyuma. Chuma kikalia, kii, sauti nyembamba mbaya.

Mathias akaachia pale pale. Akalitoa bomba, akaliweka chini mbali na mkono wake.

Akarudi kwenye kigoda. Halafu akauliza swali ambalo alikuwa amelisahau asubuhi kwa kuamini kanuni yake.

"Nani aliishika kabla yangu?"

"Fundi mmoja kule Chanzuru. Ilikuwa inanisumbua, mzee. Tangu nipewe hii baiskeli pedeli zilikuwa zinajifungua zenyewe njiani. Naenda kidogo, inalegea. Naikaza, inalegea. Yeye akachoka, akazikaza zote kwa bomba na kuzigonga kwa tindo pembeni. Hazikulegea tena."

"Zilikuwa zinajifungua zenyewe? Ukienda mbele?"

"Nikienda mbele. Zote mbili."

Mathias akafumba macho mpaka Lusekelo akadhani amesinzia. Pedeli ukiizungusha kwenda mbele inajikaza, haijifungui. Ndiyo sababu waliochonga ya kushoto waliichonga kinyume. Sasa kama hizi zilijifungua... Akainama, akafuata mnyororo kwa kidole kutoka juu mpaka gurudumu la mbele. Mnyororo ulikuwa kushoto. Kwenye baiskeli zote alizozishika mnyororo uko kulia. Aliyeiunda hii alikata krenki kutoka baiskeli ya kawaida, akazigeuza, na gia ya gurudumu akaichomelea upande huo huo. Pedeli ya kulia ilikuwa imekaa kushoto.

Akavua kofia.

"Yared, mwanangu, nisamehe. Asubuhi yote nimekuwa nikiikaza."

Yared akamtazama yule mzee aliyevua kofia mbele yake, akaona aibu yeye. "Aa, mzee. Usiseme hivyo."

"Acha niseme. Nimetazama chuma, sikukuuliza wewe. Na wewe ndiye uliyekuwa nacho."

Akasugua kwa tupa kingo zile zilizogongwa na tindo, taratibu, mpaka chuma kikawa laini. Akaongeza mafuta ya taa, akamwagia maji ya moto birika zima. Kisha akasimamisha spana juu, na badala ya kuivuta nyuma akaisukuma mbele, kwa kiganja tu, akiigonga kidogo kidogo. Pigo la kwanza, hakuna. La tano, hakuna. La tisa, au la kumi, pedeli ikatoa mlio mzito kama mtu anayekohoa, na spana ikasogea upana wa kidole.

"Eee!" Lusekelo akapiga kelele. "Mama mkwe katoka!"

Kuifunga nyingine ikawa kazi nyepesi. Aliichagua kwenye sanduku lake pedeli ya kulia, ile aliyokuja nayo Yared akaiweka kando kwa kuwa ilikuwa ya kushoto. Akazungushia nyuzi za hiyo ya kulia uzi wa cherehani uliochovywa rangi ya mafuta, ili isilegee njiani.

"Hii itakufikisha. Kila ukipumzika ishike, uione kama imekaza. Jumatatu uniletee, tuitafutie dawa ya kudumu."

Saa sita ilikuwa imepita kidogo Yared alipoondoka. Mbele ya kibanda kuna tuta la reli, si kubwa, ila kwa mikono ni mlima. Alipofika hapo baiskeli ikasimama, ikarudi nyuma kidogo. Lusekelo akaanza kukimbia akamsukume.

Mathias akamshika shati.

"Mwache."

Wakasimama wawili. Yared akainama, akavuta, pedeli mpya ikazunguka kiganjani bila kumsaga, gurudumu la mbele likapanda juu ya chuma cha kwanza cha reli, likakaa. Akapumua. Akaishika pedeli kuiona kama imekaza. Akavuta tena, akavuka, akashika barabara ya Kilosa bila kugeuka nyuma.