Aliyepita na Tochi

Juzi nilikuwa studio ya picha Darajani, najifunza kusafisha kwa kompyuta picha za nyota alizopiga marehemu mume wangu kule Bwejuu. Mwalimu wangu, binti mchangamfu, alizipanga zote moja juu ya moja.

"Kisichokuwamo kwenye picha zote hufutika, Bi mkubwa. Hii moja kapita mtu na tochi. Atafutika huyu."

"Ndiye mwenye picha huyo, mwanangu. Aliiacha kamera ikipiga yenyewe, akaenda kutia udhu wa alfajiri."

Kidole chake kikasita juu ya kitufe. "Lakini akibaki ataziharibu nyota."

"Mwache aziharibu."

Kompyuta ile ina akili, ila haijafiwa. Nyota ziko kila usiku, Mungu akipenda. Mwenye tochi alipita mara moja tu.