Andika Kwamba Niliwahi

Sentensi ya kwanza niliyoandika kuhusu dada yangu ilikuwa hii: "Mwanamke wa Igombe anapigwa na mumewe kwa miaka mingi, anavunjwa mkono, na mwisho anaokolewa." Niliisoma kwa sauti katika ukumbi mmoja wa Buswelu. Kikundi chetu cha filamu kilikuwa kimemwalika mama mmoja kutoka Dar, mwandishi wa siku nyingi, atufundishe kuandika logilaini, yaani ile sentensi moja inayomweleza mtayarishaji filamu inahusu nini kabla hajakubali kuisoma.

Aliniomba niirudie. Kisha akasema, "Anapigwa, anavunjwa, anaokolewa. Mtu wako hafanyi kitu chochote. Anataka nini? Nani anamzuia? Akishindwa, anapoteza nini?"

Majibu nilikuwa nayo, maana siku alipovunjwa mkono nilikuwepo.

Nilikuwa nimekwenda mwaloni, pale ufukweni wanapoanika samaki, kumsaidia dada kuanua dagaa, kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda ziwani. Shemeji akaja na kasia begani. Alikuwa amesikia kwamba dada anataka kuhamia Sengerema na watoto, kwa shangazi yetu. Hakuuliza. Pigo la kwanza lilimkuta dada mgongoni akiwa ameinama. La pili alilikinga kwa mkono wa kulia, nikausikia mfupa. Hadi leo sipendi kuvunja muwa kwa goti. Nilimrukia shemeji, akanipiga mpini wa kasia puani, nikaanguka juu ya dagaa huku mdomo ukijaa damu. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walisema hayo ni mambo ya mtu na mkewe.

Akampiga dada mateke ya mbavu mpaka alipochoka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa nawafuata watoto shuleni. Sengerema utakwenda peke yako."

Akaelekea nyumbani kwanza. Tulijua anafuata panga.

Dada aliinuka. Aliufunga mkono kifuani kwa khanga, fundo akalikaza kwa meno.

"Unaweza kutembea?" akaniuliza.

"Naweza."

"Basi twende."

Tulipita njia ya mkato katikati ya mawe, yeye mbele, akitapika na kuendelea kutembea. Tulipofika shuleni, watoto wake wote wawili, mapacha, walikuwa darasa moja la mbele, wanasoma. Dada alimwita mwalimu mlangoni. "Mwalimu, funga kwa ndani. Usifungue mpaka uisikie sauti yangu."

Mwalimu aliutazama ule mkono, akafunga.

Ukutani palikuwa na majembe ya shamba la shule. Dada alichukua moja kwa mkono wa kushoto akasimama mbele ya mlango. Shemeji aliingia getini anakimbia. Mimi nilimrushia jiwe, likampata begani, wala hakugeuka. Alipofika alishusha panga kwa nguvu zake zote, dada akakwepa, panga likazama kwenye fremu ya mlango na kunasa. Ndani watoto walilia kwa pamoja. Wakati shemeji anahangaika kulichomoa, dada alimpiga jembe la goti. Alipoanguka na kunyoosha mkono kulifuata panga, dada akampiga jingine la mkono.

Ndipo watu wakajaa. Vijana wa bodaboda, wapita njia, na baadhi ya wale wale washona nyavu. Sasa kila mmoja alikuwa na hasira. Walimpiga shemeji kwa matofali na marungu mpaka uso wake ukawa hautambuliki. Mtu mmoja akaitisha petroli.

Dada aliliacha jembe, akaketi chini kando ya kichwa cha mumewe. "Watoto wake wanachungulia dirishani," alisema. "Mkitaka kumchoma, anzeni na mimi."

Hakuna aliyeanza. Mgambo walimkuta akiwa bado ameketi pale. Shemeji alipona, akahukumiwa kifungo.

Baada ya mafunzo ya Buswelu nilivuka ziwa pale Kigongo kwenda Sengerema, anakoishi dada siku hizi. Nilimsomea sentensi yangu akiwa anachambua mchele.

"Nani aliniokoa?" akauliza.

Akauweka ungo chini.

"Mdogo wangu, kupigwa nilipigwa, hilo kila mtu aliliona. Andika kwamba niliwahi."

Nikaandika hapo hapo: "Baada ya kuvunjwa mkono na mumewe, mchuuzi wa dagaa lazima awahi shuleni kabla mume huyo hajawafikia watoto wao na panga." Yule mama wa Dar nilipomsomea kwa simu, alikubali. Nikamuuliza mbona umati na petroli havimo. Akasema huo ni mwisho, na mwisho mtu aukute ndani ya filamu.

Mtayarishaji wa kwanza aliipenda sentensi, akaomba muswada wote. Alipoumaliza alinipigia simu. Alitaka shemeji achomwe.

"Watazamaji watakuwa wamemchukia kwa saa nzima," alisema. "Wape moto."

"Hakuchomwa."

"Hii ni filamu, siyo mahakama."

Nilimwambia dada. Akasema zamani aliwahi kuota akimchoma yeye mwenyewe, akaamka amefurahi. "Lakini hiyo ilikuwa ndoto yangu mimi," alisema. "Huyo bwana asiichukue."

Nilikataa, na yule bwana akaachana nasi. Mwanamke mmoja wa hapa Mwanza, anayetengeneza tamthilia, ndiye aliyeichukua bila moto. Tumeanza kupiga picha, na wiki iliyopita tulikuwa mwaloni. Mwigizaji wa shemeji alilishusha kasia juu ya gunia la mchanga, na mimi, niliyeyaandika hayo kwa mkono wangu, niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya mitumbwi. Dada hakuja. Alisema yeye alishaiona.