Mistari ya Kumvusha Mama

Kilichonishtua kwanza ni bangili. Mama alivaa bangili za shaba mkono wa kulia tangu alipoolewa, na nilizoea kuzisikia akikama mbuzi au akisonga ugali. Mwaka wa 2012 zikaanza kulia akiwa ameketi tu. Mkono umelala pajani, hana analofanya, na bangili zinagongana polepole. Akiunyoosha kuchukua kikombe, kimya. Akiurudisha pajani, zinaanza tena.

Nilidhani ni uzee. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa amehamia kwangu Kakuma mjini, nilikokuwa nikiuza chai kando ya barabara ya kwenda kambini. Jirani yangu pale barabarani alikuwa mama mmoja mkimbizi wa Sudan Kusini, muuzaji wa samaki wakavu. Siku moja aliniuliza bila kuniangalia.

"Dada, mama yako ako na shida na mimi?"

"Shida gani?"

"Kila siku mimi nasalimia yeye. Hacheki. Ananiangalia kama mimi nimeiba mbuzi yake."

Nilimuuliza mama, naye akashangaa sana. Alisema anampenda yule mama wa samaki na humchekea kila asubuhi. Nikamtazama akiyasema hayo. Kweli alikuwa anacheka, kwa ndani. Uso ndio haukuwa na habari.

Halafu kukaja mambo ya nyayo. Kwetu mtu hujulikana kwa nyayo zake kabla hajajulikana kwa sura, na aliyenifundisha kuzisoma ni mama mwenyewe nilipokuwa nikichunga naye: huyu mbuzi ana mimba, huyu amechomwa mwiba, huyu mtu amebeba mzigo na ana hasira. Asubuhi moja nikitoka kuchota maji niliona nyayo za mtu nisiyemjua. Zilikuwa fupi na zimesongamana, na ncha ya akala, kiatu cha tairi, imeburuta mchanga kila hatua. Nikazifuata ili nijue ni mzee gani aliyeingia bomani kwetu bila kubisha. Zikanifikisha kwa mama, ameketi nyuma ya nyumba kwenye kivuli.

Tangu siku hiyo nilimtazama. Mkono wa kulia haukuyumba tena akitembea. Akigeuka, aligeuka mzima mzima kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Maziwa yaliungua jikoni karibu yake asisikie harufu. Na mlangoni alikuwa anakwama. Alifika kizingitini, miguu ikaganda, mwili ukataka kwenda, miguu ikakataa, akabaki hapo ameshika mwimo.

"Baba yako amenishika miguu," aliniambia. "Anataka tumbaku."

Tangu tumzike baba ng'ambo ya mto Tarach, mama hakuwahi kurudi kumwekea tumbaku kaburini. Nilimwambia nitaipeleka mimi kesho yake.

"Hapana. Tumbaku ya mke haibebwi na miguu ya mtu mwingine. Nataka kufika mwenyewe. Nikishindwa, mtanipeleka nimebebwa, na siku hiyo nitakuwa sina la kumwambia."

Basi hilo ndilo likawa jambo letu, avuke mto kwa miguu yake kabla miguu haijakataa kabisa.

Nilimpeleka kwanza kwenye zahanati. Aliyetupokea alikuwa kijana aliyetoka Kenya, kama tunavyosema sisi watu wa Turkana juu ya mtu yeyote wa kutoka upande wa pili wa Kainuk, mpakani kwetu kusini. Alikuwa mpole. Nilipomwita mama "Toto", neno letu la mama, alicheka akauliza, "Sasa kati yenu mtoto ni nani?" Hata mama alicheka, kwa namna yake ile ya ndani.

Kisha akajaribu neno moja la Kiturkana alilolijua.

"Ejok?"

"Ejok," mama akajibu. Nzuri.

"Mkono, ejok?"

"Ejok."

"Miguu je? Ejok?"

"Ejok-nooi." Nzuri sana.

Mtu mzima akisalimiwa na mgeni hamtupii shida zake usoni. Mama alidhani wanaendelea kusalimiana na kwamba maswali ya ugonjwa yanakuja baadaye. Kijana naye alidhani amejibiwa. Nilipojaribu kueleza, mama alinikanyaga mguu, kwa kuwa nilikuwa nakatiza salamu za wakubwa. Tukatoka na vidonge vya maumivu, na mama akiwa amekasirika kwamba yule kijana alisalimia vizuri halafu hakuuliza kitu.

Ilichukua miezi kupata gari zuri la kutufikisha hospitali ya Lodwar. Daktari wa huko, mwanamke, hakuuliza ejok. Alimwambia mama agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, nikaona vidole vikianza vizuri kisha vikififia kama taa inayoishiwa mafuta. Akaushika mkono akaukunja na kuukunjua. Akamwambia atembee.

Mlangoni mama aliganda. Lakini alipovutwa kidogo akafika kwenye ukumbi, alitembea. Sikuyaamini macho yangu. Sakafu ya pale ilikuwa ya vigae, na mama alikuwa akiinua mguu kuvuka kila mstari kati ya kigae na kigae, kama anavuka vijiti. Palipoishia vigae, akaanza tena kuburuta.

Daktari alisema ugonjwa huo unaitwa Parkinson, uko kwenye ubongo, na hauponi. Alisema dawa itamlegeza kidogo. Kuhusu mistari akaeleza kwamba miguu yake haisikii tena amri ya kutembea, lakini ikiona kitu cha kuvuka inavuka. Niliuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Akanijibu ukweli, na namshukuru: ugonjwa ungekuwa ni uleule, ila angepata muda mrefu zaidi wa kutembea vizuri.

Dawa ilimsaidia asubuhi. Kufikia mchana ilikuwa imekwisha nguvu. Kwa hiyo mwaka wa 2013, kabla ya mvua, tulianza safari ya tumbaku asubuhi na mapema, mara tu vidonge vilipoanza kufanya kazi. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu. Mimi nilitangulia nikirudi kinyumenyume, nikichora mistari kwa ncha ya fimbo yake ya kuchungia. Nachora, anavuka. Nachora, anavuka. Mama wa samaki alikuja nyuma yetu, kumdaka akianguka.

"Watu wataona hii mistari waseme tunapima shamba," alisema.

"Waambie shamba ni langu," mama akajibu. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo, ikabidi niyarudie maneno hayo kwa yule jirani.

Katikati ya mto miguu ilikataa. Nilichora mstari, nikauchora tena kwa kina, nikalaza fimbo yenyewe mbele yake. Hakuna. Jua lilikuwa limeshapanda. Bangili zilikuwa zinalia sana. Nilimwambia, "Toto, nikubebe hii sehemu iliyobaki?"

Alitazama ng'ambo, kwenye mawe ya kaburi yaliyokuwa yakionekana kutoka pale. Kisha akaniomba nimsaidie kuketi. Akafungua fundo la nguo yake, akatoa tumbaku, akaiweka juu ya mchanga mbele ya mstari wa mwisho.

"Mimi nimefika hapa," alisema, na alikuwa anasema na baba. "Na wewe una miguu. Njoo."

Tulirudi naye tumembeba, na wala hakukataa.

Mvua zilipokwisha chakula kilianza kumpalia, hata uji. Akapata homa ya mapafu, na haikuchukua muda. Tulimvusha mto siku ya kumzika. Wanaume walipita na jeneza upesi, na mimi nilitafuta pale mahali tulipoketi, lakini mto ulikuwa umeshapita juu yake.

Watu walikuja wengi, wengine kutoka kambini. Kila aliyefika kaburini alinishika mkono.

"Ejok?"

"Ejok," nikajibu.