Vidole vya Baba na Mandolini Kuukuu

Keti kidogo, mwanangu. Nakumbuka siku moja nikiwa msichana pale Saboti, baba yangu aliporudi kutoka kanisani, akaiweka mandolini yake juu ya kabati na kusema hataipiga tena.

Ilikuwa ala kuukuu kumshinda yeye mwenyewe, ndogo kuliko gita, yenye nyuzi nane zinazokaa mbili mbili, na kifua cha mbao kilichochongwa kikainuka kama cha fidla. Aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama Endebess. Kwaya yote iliimba ikiifuata. Lakini siku hizo noti zilikuwa zikimponyoka, wimbo unayumba, na vijana wa kwaya wakamwambia kwa heshima, "Mzee, sasa pumzika." Baba hakubishana. Ila tangu hapo alipunguza maneno, na kanisani akawa anakaa nyuma, karibu na mlango.

Niliihurumia ile ala. Nikaipeleka Bungoma kwa Mzee Wafula, fundi wa magita, nikamwomba aipake vanishi tuitundike ukutani.

"Mbona ya kutundika?" akauliza.

"Vidole vya baba vimechoka."

Akaminya uzi mmoja, akakunja uso. "Hata mimi zinanishinda, bana. Angalia, shingo imepinda, nyuzi zimeinuka juu. Babako amekuwa akipigana na hii kitu, na nyinyi mnasema ati ni vidole?"

Aliinyoosha shingo, akaziba ufa wa kifuani kwa gundi, akakishusha kidaraja kinachobeba nyuzi. Rangi ya zamani hakuigusa. Nilipoenda kuichukua, nyuzi zilikubali kwa mguso mdogo tu. Sauti ilitoka pale pale, kavu na safi, zile za chini zikiwa nene kama mtu anayeongea kifuani. Na ukizitetemesha nyuzi, wimbo ulidumu badala ya kukatika.

Nyumbani, baba alikataa kuishika. Mama akamwekea mapajani, akaenda zake jikoni. Baba akapitisha kidole juu ya nyuzi. Kisha akajaribu wimbo mmoja wa kwaya, polepole, akaurudia, na mara hii hakukosea popote. Aliponitazama, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wairimu," akasema, "mimi nilidhani ni mimi."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo, mwanangu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini jembe lililolegea mpini humchosha hata mkulima hodari, naye kwa kuwa ni muungwana hujilaumu mwenyewe. Kwa hiyo ukimwona mtu anashindwa na kazi aliyoijua maisha yake yote, usikimbilie kumpumzisha. Shika kwanza kile anachokishika yeye, uone kama kinakuumiza.

Mungu akupe jicho la kuona kilichopinda na mikono ya upole ya kukinyoosha. Na siku zako zikiwa nyingi, usikose mtu wa kukuuliza kabla hajakwambia pumzika.