Makande Bila Magadi

Wa kwanza kumsifia yule mtoto kwamba amenona nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema, kwa sababu watu wa hapa Tumati hadi leo wananishukuru kwa niliyomfanyia, na mimi nikishukuriwa sana nakosa raha.

Alikuwa na miaka minne, binti wa jirani yangu wa bondeni. Asubuhi moja mama yake alikuja kuazima jembe kwangu akiwa amemshika mkono. Nikaona mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo, miguu inabanwa na viatu vya mpira. Nikampa hongera. Nikamwambia maziwa ya ng'ombe wao yanafanya kazi, nyumba yake inaonekana ina chakula. Alicheka kwa aibu, ile aibu ya mtu anayefurahi. Wiki ile kila aliyemwona mtoto alimsifu, na sote tulikuwa tunasifia maji.

Wiki iliyofuata sketi ilikataa kufungika na mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Hospitali wakasema ule unene ulikuwa maji tu: ni figo, zinavujisha vitu ambavyo zilitakiwa kuvibakiza mwilini. Walilazwa karibu mwezi mzima. Waliporudi walirudi na masharti. Vidonge kila asubuhi kwa miezi mingi, na visiachwe ghafla hata kidogo, maana hiyo ni hatari kubwa. Kila asubuhi pia kikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo: kikibaki njano ni salama, kikigeuka kijani ugonjwa bado upo. Na chumvi asile kabisa. Daktari aliwaambia kwamba watoto wengi wa namna hii hupona wakifuatiliwa vizuri, lakini wakiachwa, wanakufa.

Mama wa watu alikuwa na kichanga mgongoni, na mume alikuwa na ng'ombe na shamba lililosubiri. Nikasema chakula cha mgonjwa kitatoka kwangu. Hakuna aliyeniomba. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nina kiherehere, na hakukosea.

Hapa inabidi nijieleze. Mimi si mzaliwa wa Tumati. Nimezaliwa Balangdalalu, kule chini Hanang, ambako ziwa likikauka wakati wa kiangazi linaacha magadi meupe ukingoni. Kaka yangu hunitumia mfuko kila mwaka. Mengine ng'ombe wanalamba, mengine yanaingia kwenye chungu cha makande, mahindi na maharage yanalainika haraka na kupata ladha. Nimewaambia majirani mara nyingi kwamba makande yao bila magadi yangu ni changarawe, na hawajawahi kunipinga. Basi nilipoanza kumpikia mtoto, kopo la chumvi nililificha juu ya kabati nisije nikasahau. Magadi nikaweka kama kawaida, kijiko kilichojaa. Daktari alikataza chumvi, hakusema lolote kuhusu magadi.

Mtoto alikula akalamba na sahani. Nilijisikia mtu.

Baada ya wiki tatu mashavu yalianza kujaa tena. Asubuhi hakuweza kufungua macho vizuri, na kikaratasi kilikuwa kijani kibichi. Baba yake aligeuka mkali. Alimshuku mkewe kwamba anamwonea mtoto huruma na kumtilia chumvi kwa siri. Yule mama aliapa hajafanya hivyo, akalia, akaapa tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia jikoni kwake kwamba akina mama wana mioyo laini, aseme tu ukweli. Alinigeuzia mgongo akachochea kuni. Jumapili, baada ya ibada, baba akatangaza kwamba inatosha: kama chumvi haikutiwa, basi vidonge ndivyo vinavyomvimbisha mwanawe. Vitaachwa Jumatano, na mtoto atapelekwa kwa mganga.

Jumatatu asubuhi niliwawekea ng'ombe magadi kwenye hori, kama ninavyofanya kila wiki. Walilamba mpaka mbao zikabaki tupu, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye maji wakanywa bila kuinua vichwa. Hayo nimeyaona tangu utoto na sijawahi kuyafikiria. Siku ile niliyafikiria. Nikakumbuka kwamba dukani chumvi ya mifugo ikikosekana, hakuna anayehangaika, tunawapa magadi na ng'ombe wanaridhika. Nikakaa chini zizini na kanga yangu safi.

Nilikwenda zahanati kwa miguu, haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Muuguzi, msichana wa rika la mwanangu, aliniamkia, akanisikiliza, akajishika paji la uso. Akanieleza kwa upole kwamba magadi mwilini yanazuia maji kama chumvi ile ile. Vidonge navyo vinahitaji muda kuponya figo, visiachwe.

Ningeweza kunyamaza. Ningeacha kuweka magadi, mtoto angepungua, na hakuna ambaye angejua. Lakini nyumbani kwao kulikuwa na mwanamke anayeitwa mwongo kwa kosa langu, na Jumatano ilikuwa keshokutwa.

Nikawakuta wote wawili uani. Nikaweka mfuko wa magadi chini, mbele ya miguu ya yule baba.

"Mke wako hakumpa mtoto chumvi," nikasema. "Nimempa mimi. Kila siku, kwa mkono wangu."

Nikaeleza yote. Nilijiandaa kufukuzwa, na ningeondoka bila neno. Baba aliinama akaufungua ule mfuko.

"Kwa hiyo, mama, vidonge havina kosa?" akauliza.

"Havina."

Akavua kofia akajifuta uso, nikaona analia. Mkewe akaja akapiga magoti akanishika mikono, ingawa mimi ndiye niliyestahili kuyapiga. Akaniambia kesho nipike kama kawaida, ila mfuko ubaki kwa ng'ombe.

Nikajifunza kupika upya katika uzee. Maharage niliyaloweka tangu jana yake, makande yakakaa motoni nusu siku, nikawa namaliza kuni kama mwenye msitu wake. Ladha nilitafuta kwenye kitunguu na nyanya. Uvimbe ukashuka kwanza. Kikaratasi kilichelewa, kikabaki kijani, kikafifia, kikatusumbua. Asubuhi moja mama yake alipanda kilima mbio, kichanga kinarukaruka mgongoni, kikaratasi mkononi. Kilikuwa njano. Tukakishika kwa zamu kama picha ya harusi.

Msimu ule shamba lao lilizidiwa na magugu, wakaalika majirani kupalilia, kama desturi ilivyo: wageni wanakuja na majembe, mwenye shamba anapika. Nikajitangaza msimamizi wa jiko. Vyungu vyote bila chumvi, bila magadi, ili mtoto ale na watu badala ya kutengwa na kisufuria chake. Wanaume walinung'unika. Mzee mmoja alitoa chumvi mfukoni, ameifunga kwenye karatasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamnyang'anya. Mtoto akakaa katikati yetu kwenye sinia, akala na watu thelathini chakula kisicho na ladha, na sijawahi kula makande matamu kuliko yale.

Sasa yuko darasa la kwanza. Vidonge vilipunguzwa kidogo kidogo mpaka vikaisha, na vikaratasi vimebaki njano. Mbio zake ni za swala, ana miguu kama fito.

Mwezi uliopita kaka yangu alileta mfuko wa magadi mwenyewe, nikaupeleka moja kwa moja zizini. Tulikuwa uani na mama wa mtoto wakati binti alipotupita akikimbiza ndama. Kaka yangu hajui habari hizi. Alimtazama, akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto mbona amekonda hivi?"

Nilitaka kumjibu, lakini mama yake alinitangulia.

"Asante sana, mjomba," akasema.

Akacheka kwa ile aibu ya furaha niliyoiona siku nilipomsifia mtoto wake maji. Safari hii alikuwa na haki ya kucheka.