Springi Ngumu na Shangazi Wawili

Mimi sijui kutulia, na gari langu lilikuwa hivyo hivyo. Kila nikitoka Handeni kwenda Korogwe sikio liko chini kwenye magurudumu: bushi ipi inalia, shokapu ipi imechoka. Nikisikia mlio mmoja tu, nasimama na kuingia uvunguni mwa gari, shati jeupe na yote. Mama alizoea kusema nitazikwa na spana mkononi.

Wakati huo mimi na wenzangu tulikuwa tukishindana mbio za magari vumbini, kwenye barabara za shamba la zamani la mkonge. Ili gari lisilale kwenye kona, fundi wangu wa Kwamndolwa alinifungia springi ngumu na shokapu za kukaza. Shambani lilishika ardhi mpaka nikacheka peke yangu. Ila kwenye safari za kawaida, hata jiwe dogo lilikupigia hodi mgongoni. Fundi alinionya mapema.

"Bosi, gari ni moja. Ukilitengenezea mbio, usililaumu likikataa kubembeleza."

Kisha mama akafanyiwa upasuaji wa tumbo, Korogwe. Ilipokaribia siku ya kuruhusiwa, muuguzi akanivuta pembeni: mshono bado mbichi, mgonjwa asitikiswe. Nikamwambia mama nitamkodia gari laini. Akakunja uso.

"Nipande gari la mtu, na mwanangu ana lake? Nyumbani Kwamsisi watasemaje?"

Springi za zamani nilikuwa nimeshazigawa. Nikalegeza shokapu, nikapunguza upepo kwenye matairi, nikaenda kulijaribu. Likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikalirudisha gereji. Fundi akaliegemea kwa nyuma, akalikandamiza, akatikisa kichwa.

"Springi hizi zinataka mzigo. Tafuta watu wazito."

Watu wazito! Ukoo wetu haujawahi kupungukiwa nao. Tatizo ni kwamba nilikuwa nawakwepa. Ukimpakia shangazi mmoja pale Kwamsisi, utangoja aage nyumba tatu, na mkishaondoka atakumbuka kuku wa kupeleka. Mimi na kungoja ni maji na mafuta. Lakini asubuhi ya kumfuata mama nilisimama mlangoni kwa dada wawili wa baba.

"Shikamooni, shangazi."

"Marahaba. Leo umetukumbuka?"

"Leo mnahitajika."

Nikawaeleza kisa chote. Mkubwa akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe unene wangu una kazi! Twende, ila mama yako asijue."

Mjomba naye akaingia, na gunia la mahindi likalala kwenye buti.

Wakati wa kurudi, mama alikaa mbele, khanga imekunjwa juu ya tumbo. Kwenye lami hakukuwa na neno. Tulipoingia barabara ya vumbi nilishika usukani kwa nguvu, nikawa natazama shimo, namtazama mama, natazama shimo. Gari lilizama, likainuka taratibu. Ghafla mama akaguna, akajishika tumbo. Nikapunguza mwendo. Kumbe shangazi alikuwa anamsimulia habari za harusi fulani.

"Jamani msinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

Tulifika salama. Nilipomwingiza ndani, mama alinishika mkono, hakutaka kuuachia.

"Kila siku nakuomba uwapakie ndugu zako. Leo umewaleta wote wanipokee. Nimefurahi, mwanangu, nimefurahi sana."

Nyuma yake shangazi mkubwa akanikonyeza. Niliona haya, nikajifanya natafuta ufunguo.

Siku ya kwenda kutolewa nyuzi, fundi alikuwa ameshanitafutia springi laini. Gari halikudai tena uzito wa mtu. Mama aliingia akakaa, akatazama viti vya nyuma vilivyo vitupu.

Nikageuza gari, nikaenda kusimama mlangoni kwa shangazi mkubwa. Aliaga nyumba ya kwanza, akaaga ya pili, kisha akakumbuka kuku. Nikazima injini.